Mlinde Mbwa Wako Bila Kumshindilia Dawa

Masika yakianza, maduka ya dawa za mifugo hujaa wenye mbwa. Mmoja anaulizia dawa ya kupe, mwingine ya minyoo, wa tatu anataka ile sindano anayoambiwa humaliza kila kitu. Muuzaji anatoa chupa, anataja bei, mteja analipa na kuondoka. Wachache mno huulizwa mbwa ana uzito gani, ana umri gani, analala wapi na anakula nini. Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yanayoamua kama dawa itamsaidia mbwa, itapotea bure au itamdhuru.

Wapo pia wanaoamini kwamba mbwa wa kienyeji ni mgumu, amezaliwa na kupe na atakufa nao, basi haina haja ya kumshughulikia. Mbwa wa namna hiyo hudhoofika polepole kwa kupungukiwa damu, na watoto wa nyumba ile hubeba mayai ya minyoo chini ya kucha zao.

Ninaandika kwa ajili ya pande zote mbili. Wadudu wengi wanaomsumbua mbwa huishi sehemu kubwa ya maisha yao nje ya mwili wake: kwenye nyufa, mchangani, kwenye matandiko, kwenye kinyesi. Anayesafisha huko kwanza, akamkagua mbwa kwa mikono yake na kupima kabla ya kutibu, atatumia dawa chache, na mbwa wake atakuwa salama kuliko yule anayedungwa kila mwezi bila sababu inayojulikana.

Dawa isiyohitajika ina gharama yake

Dawa ya kuua wadudu ni sumu iliyopimwa. Usalama wake wote uko kwenye kipimo. Chukua aivamektini. Dawa hii imewasaidia mamilioni ya watu na mifugo, na waliohusika kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini chupa inayouzwa sana kwetu imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Mililita moja tu ina miligramu 10, kiasi kinachotosha ndama wa kilo 50. Ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa anayekingwa na minyoo ya moyo huhitaji mikrogramu 6 tu kwa kilo. Ukizidisha kwenye bomba la sindano, mbwa mdogo anaweza kuyumba, kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona, kuzimia na kufa. Mbwa wa jamii ya collie na baadhi ya machotara wao wamo hatarini zaidi, kwa sababu wengi wao wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kujikusanya kwenye ubongo.

Juu ya hayo yote, aivamektini si tiba ya viroboto, na kwa kupe wa mbwa nguvu yake ni ndogo. Anayemdunga mbwa kila mwezi kwa ajili ya kupe ananunua hatari bila kupata kinga.

Hasara ya pili ni usugu. Kusini magharibi mwa Uganda, wafugaji wa ng'ombe wamekwisha kukutana na kupe wasiokufa kwa dawa za kuogeshea, baada ya miaka ya kuchanganya dawa na kuzitumia ovyo. Huko Marekani, mbwa wa mbio aina ya greyhound, ambao walikuwa wakipewa dawa ya minyoo mara kwa mara, waligundulika kuwa na minyoo wa safura wanaostahimili makundi yote makuu ya dawa zinazotumika kuwatibu. Kila dozi inayotolewa bila sababu, au kwa kipimo kidogo kuliko uzito wa mbwa, huua wadudu dhaifu na kuwaacha wale sugu wazaane.

Hasara ya tatu ni fedha. Pesa iliyonunua chupa tatu zisizohitajika ingeweza kulipia kipimo cha damu siku mbwa alipougua kweli.

Kupe: anza na ukuta

Kupe anayewasumbua zaidi mbwa wa mijini ni kupe wa kahawia wa mbwa. Maisha yake yote huyaelekeza kwa mbwa. Hunyonya akiwa mdogo kama punje ya mchanga, hudondoka, hujificha, hujivua ngozi, kisha humrudia mbwa. Hurudia hivyo tena kabla ya kukomaa. Jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu kwenye ufa wa ukuta, chini ya mbao au nyuma ya matofali. Ndiyo maana mbwa anaweza kuogeshwa leo akawa safi kabisa, na wiki mbili baadaye akakutwa amejaa tena. Dawa ilifanya kazi, lakini kizazi kingine kilikuwa ukutani kikisubiri. Mwenye mbwa asiyejua hili hudhani dawa ni feki, akaongeza kipimo au akanunua nyingine kali zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kupe hilo ni agizo la kutekelezwa kama lilivyo. Piga lipu kibanda cha mbwa, ziba kila ufa, kisha paka chokaa. Inua sakafu yake kidogo kutoka ardhini ili uweze kufagia chini. Ondoa marundo ya matofali, mbao chakavu na magunia. Kata nyasi fupi kuzunguka nyumba na kando ya uzio. Badilisha matandiko kila wiki; yale yasiyofulika yachomwe.

Kisha mkague mbwa. Wakati wa masika na vuli fanya hivyo kila siku, na wakati wa kiangazi kila baada ya siku mbili au tatu. Pitisha vidole ndani ya masikio, shingoni chini ya mkanda, makwapani, kinenani, chini ya mkia na katikati ya vidole vya miguu. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi ya mbwa, vuta taratibu na moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa, kwa maana kupe anayeteswa anaweza kumrudishia mbwa mate yenye vimelea. Usimpasue kwa kucha pia. Mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti, kisha nawa mikono.

Ukaguzi huo una faida kubwa. Vimelea vya babesia kwa kawaida huhitaji kupe akae mwilini kwa takribani siku mbili kabla ya kuingia kwenye damu ya mbwa, kwa hiyo kupe anayetolewa siku ile ile huwa hajamaliza kazi yake. Ila bakteria wa elikia, wanaoletwa na kupe wa kahawia, wanaweza kuingia ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo, mahali penye kupe wengi, dawa ya kuzuia kupe ni ya lazima, na kumnyima mbwa ni kumtelekeza.

Chagua moja: mkanda wa shingoni, dawa ya matone ya mgongoni au kidonge cha kutafuna. Usiweke mkanda, ukadondosha matone na kumpa kidonge kwa mpigo. Vidonge vingi vya kisasa ni vya kundi la isoksazolini. Ni vizuri na ni salama kwa mbwa walio wengi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba vinaweza kusababisha mitetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe kabla daktari wa mifugo hajajua habari zake.

Viroboto: wengi huwaoni

Viroboto unaowaona kwenye manyoya ni kama asilimia 5 tu ya viroboto wote walioko katika mazingira ya mbwa. Waliobaki ni mayai, mabuu na wale walio ndani ya vifuko vyao, wakiwa kwenye matandiko, mazulia na vumbi la kibandani.

Kwanza hakikisha kama ni viroboto kweli. Mchane mbwa kwa kitana chenye meno ya karibu, hasa mgongoni karibu na mkia, ukung'ute kile kinachotoka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Vitone vyeusi vikiyeyuka na kuwa rangi ya damu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Visipobadilika, ni uchafu wa kawaida, na mbwa hahitaji dawa ya viroboto.

Ukithibitisha, kazi kubwa iko sakafuni. Fua matandiko kwa maji ya moto, yaanike kwenye jua kali, na fagia kibanda kila siku ukizoa vumbi lote. Mabuu ya viroboto hukimbia mwanga na hufa kwenye ukavu, kwa hiyo kibanda chenye jua na hewa ni adui wao mkubwa. Tibu wanyama wote wa nyumbani siku moja, maana ukimtibu mbwa na kumwacha paka, umewahamisha tu. Hapa kuna tahadhari ya kufa na kupona: dawa za mbwa zenye perimetrini huua paka. Paka apewe dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka.

Baada ya hapo uwe na subira. Dawa haipenyi vizuri kwenye vile vifuko, na kiroboto aliyemo anaweza kusubiri kwa wiki au miezi mpaka ahisi joto na mtikisiko wa mnyama anayepita. Kwa wiki kadhaa utaendelea kuona viroboto wapya. Hiyo haimaanishi kwamba dawa imeshindwa, na si sababu ya kurudia dozi kabla ya wakati wake. Endelea kufagia na fuata tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti.

Minyoo: jua ni yupi

Katika minyoo, desturi ya kutoa kidonge bila kujua kinalenga nini ndiyo inayotupotezea zaidi. Kwa mwenye mbwa, makundi matatu yanatosha kuanzia.

Minyoo wa mviringo huwapata watoto wa mbwa kabla hata hawajafungua macho: hupita kwa mama tumboni na kwenye maziwa. Tumbo huvimba, manyoya hukosa mng'ao, na mtoto anaweza kufa. Minyoo wa safura hunyonya damu ya utumbo, na dalili yao kubwa ni fizi kuwa nyeupe na kinyesi cheusi. Wote hawa huwagusa wanadamu. Mayai ya minyoo wa mviringo yakimezwa na mtoto anayechezea udongo, mabuu yanayotoka humo yanaweza kufika kwenye jicho na kumpofusha. Mabuu ya safura ya mbwa huingia kwenye ngozi ya anayetembea pekupeku kwenye mchanga wenye unyevu, hata ufukweni, na kuacha mistari myekundu inayowasha vikali.

Silaha ya kwanza hapa ni koleo na ndoo. Yai la minyoo wa mviringo haliambukizi siku linapotoka. Hukaa ardhini kwa wiki mbili hivi au zaidi kabla ya kukomaa. Mabuu ya safura nayo huhitaji siku kadhaa. Ukizoa kinyesi kila siku na kukitupa chooni au kukifukia mbali na bustani ya mboga, umekata mzunguko kabla haujafunga. Hakuna kidonge kinachoweza kufanya hivyo, kwa sababu kidonge huua minyoo waliomo tumboni siku hiyo, na kesho mbwa anaweza kulamba mayai mengine.

Kundi la tatu ni minyoo tegu. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele kuzunguka mkundu wa mbwa, mara nyingi ni tegu anayeletwa na kiroboto: mbwa anamlamba kiroboto, anammeza, na tegu anakua. Ukimpa prazikwanteli na kuwaacha viroboto, vipande vile vitarudi baada ya wiki chache, nawe utatoa dozi nyingine na nyingine. Tibu viroboto, na dozi moja ya tegu mara nyingi itatosha.

Tegu wa hatari zaidi kwetu ni yule mdogo anayesababisha uvimbe wenye maji kwenye maini na mapafu ya mifugo na watu. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi yenye uvimbe huo, na mayai yanayotoka kwenye kinyesi chake huambukiza papo hapo. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu kwa binadamu, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha huko kampeni ya kuudhibiti. Funzo ni jepesi kutekeleza: usimpe mbwa mapafu, maini wala utumbo mbichi. Chemsha kwa nusu saa au zaidi, na viungo vyenye uvimbe vichomwe au vifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Na kipimo? Peleka kinyesi kibichi, kiasi cha kijiko kimoja, kwenye kichupa safi. Daktari wa mifugo mwenye darubini anaweza kukitazama siku hiyo hiyo. Kuna pia maabara kama za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania pale Temeke, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Mbwa mzima aliyepimwa akakutwa hana minyoo hahitaji kidonge siku hiyo. Kumbuka tu kwamba mayai ya tegu hukosekana mara nyingi kwenye kipimo, kwa hiyo macho yako ni sehemu ya uchunguzi.

Ngozi: usikimbilie chupa

Si kila kipara ni cha kutibiwa. Mtoto wa mbwa akipata sehemu ndogo isiyo na manyoya usoni au mguuni, bila kuwashwa, inaweza kuwa utitiri wa demodeksi, na hali hiyo mara nyingi hupona yenyewe mwili unapokomaa. Lakini mbwa anayejikuna usiku kucha, mwenye magamba kwenye ncha za masikio na viwiko, huenda ana ukurutu unaoambukiza hata watu, na huyo hahitaji kusubiri. Daktari hutofautisha kwa kukwangua ngozi na kuitazama kwa darubini. Omba kipimo hicho kabla ya sindano.

Vivyo hivyo majipu yenye tundu dogo katikati, yanayowapata mbwa wanaolala mchangani. Ndani yake kuna buu la nzi. Paka vaselini nzito juu ya tundu ili likose hewa, subiri lichungulie, litoe taratibu kwa kibano na safisha kidonda. Kisha hamisha malazi ya mbwa kutoka kwenye mchanga wenye kivuli na mkojo.

Vitu vya kuacha kabisa

Oili chafu ya gari, ambayo hupakwa mbwa wenye ukurutu, huunguza ngozi na kumpa sumu anapojilamba. Mafuta ya taa hufanya hivyo hivyo. Unga wa kuulia wadudu wa mazao si wa kumwagia mnyama. Amitrazi ya josho, ikichanganywa kwa kukisia, humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo wake. Kitunguu saumu, kinachosifiwa kuwa kinafukuza kupe, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Albendazoli ya binadamu inaweza kudhuru uboho wa mifupa yake, na levamisoli ya mbuzi na kuku ina nafasi ndogo sana kati ya kutibu na kudhuru. Dawa zilizothibitishwa kwa mbwa zipo, kama vile pirantel, fenbendazoli na prazikwanteli, na bei yake si kubwa kuliko gharama ya kumtibu mbwa aliyekula sumu.

Kabla ya dozi yoyote, pima uzito. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Andika tarehe, jina la dawa na kiasi kwenye daftari.

Ratiba ifuate maisha ya mbwa

Mtoto wa mbwa hangoji kipimo, kwa sababu minyoo humdhuru kabla hawajaanza kutaga mayai ya kuonekana. Apewe dawa ya minyoo akiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka wiki mbili baada ya kuachishwa maziwa, halafu kila mwezi hadi atimize miezi 6. Mama yake anayenyonyesha apewe pamoja naye.

Mbwa mzima wa ulinzi, anayekaa ndani ya uzio na kula chakula kilichopikwa, apimwe kinyesi kila baada ya miezi mitatu au minne, atibiwe kwa majibu. Pasipo kipimo karibu, dawa ya minyoo mara 4 kwa mwaka ni kiasi cha kutosha. Mbwa wa mfugaji, anayefuata mifugo na kufika machinjioni, anahitaji prazikwanteli kila wiki 6, na ukaguzi wa kupe kila jioni.

Pasipostahili kubana

Kupunguza dawa kusiwe kisingizio cha kuchelewa. Mbwa akikataa chakula, akawa na homa, fizi nyeupe au za njano, akakojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, au akatoka damu puani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Omba tone la damu litazamwe kwa darubini, ili apewe tiba ya ugonjwa alionao, badala ya antibiotiki ya kubahatisha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo haimo katika hesabu ya kupunguza. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauponi, kwa mbwa wala kwa mtu, na jamii hujikinga pale angalau asilimia 70 ya mbwa wake wanapochanjwa. Kampeni za bure zikipita mtaani kwako, mtoe mbwa nje.

Jumamosi hii, basi, usianzie dukani. Fagia kibanda, ziba nyufa, zoa kinyesi, mkague mbwa kuanzia masikio hadi mkia na umpime uzito. Ukimaliza, mwendee daktari wa mifugo ukiwa na kichupa cha kinyesi mkononi na maswali mdomoni. Dawa atakayokupa baada ya hapo itakuwa na kazi ya kufanya.